Mbawakawa Aliyesafishwa Nusu

Kazini walimwita Mzee Brashi, na jina likamkaa. Miaka thelathini na mmoja baba yangu alisafisha mbawakawa waliokaushwa, katika chumba cha nyuma cha makumbusho. Kila mmoja alikuwa na kikaratasi chake: saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Nyumbani hata kikombe hakujua kukiosha! Mama alimtania, "Laiti ningezaliwa mdudu, ningepata mume."

Siku Mama alipozidiwa, jirani alipiga simu makumbusho saa nne asubuhi. Baba alifika Mama ameshafumba macho. Alisimama mlangoni jasho likimtiririka, brashi mkononi. Nilipoiona ile brashi, hasira zikanipanda.

"Ulimalizia kwanza wadudu wako?" nikamwambia mbele ya shangazi na waombolezaji.

Akanipita, akaenda kuketi kando ya Mama. Miaka kumi na miwili sikumpa zaidi ya salamu. Mwaka jana akafa na jibu lake.

Jumanne iliyopita wakaniita makumbusho. Mtaalamu wao, binti mdogo mwenye furaha tele, akanikalisha kwenye darubini.

"Tazama chini ya bawa la kulia, dada."

Nikaona vidude vyekundu vimejipanga, vidogo kuliko chembe ya chumvi. Utitiri! Mimi naujua wa kuku tu. Kumbe huu hauna mabawa wala macho. Ukitaka kuhama, unamdandia mbawakawa, tena bila nauli. Na aina hii, akasema, haijawahi kuandikwa popote.

"Mzee alidhani ni uchafu. Kwa wengine wote ameupangusa, hakubakiza hata mmoja. Huyu peke yake kasafishwa kushoto, kulia kaachwa. Ajabu, maana Mzee Brashi hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati."

Nikachukua kikaratasi. Mwandiko ulikuwa wa Baba. Tarehe ilikuwa ile ile iliyoandikwa kwenye kaburi la Mama. Kuanza: saa nne kasorobo. Kumaliza: patupu.

Jamani, baba yangu. Nilimhukumu mbele za watu, naye akanyamaza tu.

"Unajua kwa nini alimwacha?" binti akauliza, kalamu tayari.

Nikakirudisha kikaratasi mezani.

"Aliitwa nyumbani," nikasema. "Hata brashi hakukumbuka kuiweka chini."