Kidevu cha Mama na Maziwa ya Mbuzi

Kila ninaponyoa ndevu, mwanangu, naikumbuka siku moja ya ujana wangu kule Mgeta, siku niliyommiminia mbwa sufuria nzima ya maziwa ya mbuzi huku mama akiyatazama yanavyoisha. Niliyamimina kwa upendo. Mtu mzima kabisa, tena aliyevaa viatu, alikuwa ameniambia pale malori yanapopakia kwamba mwanamke akinywa maziwa ya mbuzi huota ndevu. Si ndevu za kubahatisha, ni zile za beberu, zenye ncha. Mama yangu alikuwa mjane mzuri, nikasema hataota ndevu mimi nikiwa hai.

Mbuzi wa maziwa ndio kwanza walikuwa wamefika vijijini kwetu. Yule wangu ungemkamua asubuhi ukaoga, yakabaki ya kupikia. Mbwa alinenepa hadi akawa anabweka kwa zamu, pumzi kwanza, sauti baadaye. Mboga nazo tulilima za kuilisha Dar es Salaam nzima, karoti, kabichi, chainizi, na zote zilipanda lori. Ndivyo tulivyokuwa watu wa mlimani: kizuri ni cha lori, chetu ugali na mchuzi unaoonyesha sakafu ya bakuli.

Basi mama akateleza njia ya shambani. Kuteleza kwenyewe kulikuwa kudogo, hata kuku angeona haya kusimulia. Lakini mkono ulivunjika kama ukuni mkavu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyesikia la mtu wa malori nilikuwa mimi, aliyevunjika akawa mama.

Muuguzi aliyemfunga plasta aliniuliza mama anakula nini.

"Ugali," nikasema.

"Na nini?"

"Ugali mwingi."

Akanitazama kwa huruma. Akasema mfupa mkavu namna ile unataka chakula chenye madini: maziwa, mboga za majani, dagaa wa kutafunwa pamoja na miiba yao. Nikanunua dagaa. Maziwa nikayanyamazia, nikaendelea kumnenepesha mbwa.

Njiani kurudi mama alisema jambo moja tu: "Sitaki kulishwa, baba. Nataka kulima." Hilo lilinikata maini, maana mama bila jembe ni kama mlima bila ukungu.

Siku ya pili akaja mjomba, kaka yake mama, kumjulia hali. Kwetu Uluguru neno la mjomba likishatua nyumbani kwa dada yake, hakuna wa kulinyanyua. Nikampa shikamoo. Yeye alikuwa anamtazama mbwa.

"Huyu ana mimba?"

"Hapana, mjomba. Ni maziwa."

"Na dada yangu anakunywa nini?"

"Chai ya rangi."

Nikamnong'oneza habari za ndevu, nikidhani mama hasikii. Mjomba hakucheka. Akavuta kigoda, akaketi taratibu. "Kuanzia kesho," akasema, "mbwa atakunywa chai ya rangi."

Hivyo mama akaanza kunywa maziwa, yaliyochemshwa vizuri, na chainizi zikaanza kushuka lorini kurudi jikoni. Nami nikaanza ulinzi. Kila alfajiri nilimwamkia nimeinama hadi pua zetu zikaribie kugongana. "Marahaba," angeitikia huku akigeuza uso. Kuna asubuhi niliapa nimeona unywele. Ulikuwa uzi wa kanga.

Mambo ya ndani nimeyaelewa uzeeni, nilipomaliza masomo ya jioni hapa mjini, wajukuu wakinipigia vigelegele kana kwamba nimeoa upya. Mfupa, mwanangu, ni kama matuta yetu ya mlimani. Kila mvua huondoka na udongo kidogo, na mkulima hurudishia. Mwili nao una kazi nyingi za kalsiamu, hata moyo kudunda unaitaka. Usipoileta kwa chakula, mwili huenda kuichota kwenye mifupa, kimyakimya, na wewe unatembea unajiona simba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hauna fundi wa kuujenga upya wote.

Sisemi maziwa ndiyo yaliyounga mkono wa mama. Plasta na muda vilifanya kazi yao, chakula kikaleta mawe na udongo. Wewe anza ungali kijana, mfupa ungali unajengwa. Kula dagaa mzima, usimchambue kama bibi harusi. Bakiza mboga kabla ya lori. Ota jua, beba mzigo, tembea. Haba na haba hujaza kibaba. Na mama yako akizeeka, tazama sahani yake kabla hujatazama kidevu chake. Mungu akupe mifupa ya kupandia mlima, na akujalie kuutembea hadi wajukuu waombe mpumzike.

Na ukiletewa uvumi, kumbuka asubuhi mama alipotolewa plasta. Tulipofika nyumbani alishika jembe kwa mikono miwili, akalipima, akaliegemeza ukutani. Kisha akanishika kidevu kwa mkono ule uliovunjika.

"Umenikagua vya kutosha," akasema. "Marehemu baba yako alikuwa na ndevu za kufagilia uwanja, na maziwa ya mbuzi hakuwahi kuyaonja. Ndevu ni za ukoo, mwanangu. Maziwa ni chakula."