Eda ya Bibi na Gurudumu la Angani

Jana nilikuwa kwenye foleni ya gurudumu la kupandisha watu angani, akapita muuza korosho, na harufu ya korosho za kuchoma ikanirudisha uani kwa bibi, Kilwa Kivinje.

Alikuwa kwenye eda ya babu. Huku tukibangua korosho, tulipanga safari ya Dar, tulikosikia limeletwa gurudumu kama hili: avae kanga ipi, nani akae upande wa bahari.

Baba mdogo akafoka, "Mama, mjane mzima ukaning'inie angani? Watu watasemaje?"

Bibi hakuinua macho. "Waseme. Baba yako kanikalisha chini umri wangu wote, na eda yake naikaa mpaka siku ya mwisho. Ikiisha, napanda. Anayeona haya aje huko juu anishushe."