Chumba cha Bondeni Chenye Bomba

Niliondoka Newala kwa sababu ya macho ya mama yangu. La kushoto lilishakwenda. La kulia daktari alisema lipasuliwe Dar es Salaam upesi, na baadaye lisiguswe na maji machafu hata tone. Ndugu wa kufikia hatukuwa naye. Ilibidi nitafute chumba cha mwezi mmoja katika mji nisioujua.

Asubuhi tuliteremka kwenda Masasi. Kila baada ya kitambo Mama aliuliza tumefika wapi, nami nikamtajia ninachokiona: mikorosho, mikorosho, mikorosho. Stendi ya Masasi, muuza chai aliyewahi kuishi Dar alinionya: "Dada, dalali akikuonesha chumba usitoe kodi. Bisha hodi kwa jirani kwanza." Nikaitikia tu, chai ikiniunguza ulimi.

Tulifika Dar usiku, tukalala gesti. Kesho yake dalali alituonesha vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa juu kilimani, majirani tele, maji ya kununua kwa mkokoteni. Cha pili kilikuwa bondeni, ua umetulia, migomba, na bomba linalotoka mchana kutwa. Nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua tena. Mtu aliyekua akipanga foleni ya ndoo Newala, umwoneshe bomba la namna ile halafu umwambie atumie akili!

Ndani, kitanda kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali. Roho yangu ikatulia kabisa, maana nyumbani nami nimekiinua hivyo ili madumu ya maji yaingie uvunguni.

"Mama, hata vitanda vyao kama vyetu," nikasema, nikaanza kufungua pindo la kanga nitoe kodi.

"Yule wa Masasi alisemaje?" Mama akauliza.

Nikanuna, lakini nikaenda.

Jirani aliitwa Mama Salima, mtu mzima, anachambua mchicha.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Newala."

Akacheka. "Basi umelipenda bomba."

Kitanda chake nacho kilikuwa juu ya matofali, hata kabati. Nikamweleza habari ya jicho la Mama, kisha nikamuuliza mbona matofali, na maji yako mlangoni.

"Ni kwa ajili ya mto huo nyuma ya migomba, mwanangu. Mvua ikikaza unaingia bila hodi. Wezi hapa hatuna. Lakini mgonjwa wa macho usimlete."

Tukapanga kilimani. Kila asubuhi nilinunua madumu huku nanung'unika.

Juma moja baada ya upasuaji, mvua ilinyesha usiku kucha. Mama alilala, bandeji yake kavu. Kulipopambazuka nilishuka bondeni. Katika kile chumba nilichokitaka, alama ya tope ukutani ilikipita kitanda, matofali na yote. Mama Salima alikuwa kwake anakwangua tope.

"Bomba bado linatoka," akaniambia.

Nikafunga kanga kiunoni, tukasafisha pamoja mpaka adhuhuri.

Nyumbani sasa wanaokwenda Dar huniuliza mtaa gani ni salama. Nawaambia: ukikuta huko kile ulichokikosa kwenu, usiyaamini macho yako, kabishe hodi kwa jirani.

Siku ya kurudi, gari likipanda kutoka Masasi, sikutaja kitu. Mama alikuwa dirishani.

"Mikorosho," akasema. "Mikorosho. Mikorosho."

Kisha akanigeukia, akanitazama kwa muda.

"Na wewe, umeota mvi lini, hukuniambia?"