Kilima Umekiacha Wapi?

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Leo nakasirika zaidi, maana umekaa hapa kwangu, unakunywa chai yangu, unaniambia mnara wenu wa redio unasimikwa Jumamosi na taarifa kwa watu wa usalama wa anga "itafuata". Ndege itaisubiri?

Nilikuwa kijana kama wewe, msimamizi wa mafundi, kichwa kimenivimba. Tulikuwa tunasimika mnara juu ya kilima, nje kidogo ya Songea mjini, upande ambao ndege hushukia uwanjani. Fomu ya hao watu wa anga niliijaza nimesimama. Palipoulizwa urefu, nikapima kutoka kwenye zege mpaka nchani, nikaandika. Kilima sikukitaja. Taa nyekundu nikasema tutafunga mwishoni. Waliopokea fomu wakaona kamnara kafupi, marubani hawakuonywa.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka. Mdogo wangu Kasto alikuwa juu, amejifunga mkanda, anakaza bolti. Ndege ndogo ikatokea ukunguni usawa wake. Sisemi juu yake, mwanangu, nasema usawa wake. Ikapinda ghafla, ikapotelea tena ukunguni. Kasto alikikumbatia kile chuma mpaka tukapanda kumshusha. Mkojo ulikuwa umemtoka, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Mzee Komba, fundi wetu mkuu, akataka kuiona nakala ya fomu. Akaisoma taratibu.

"Kilima umekiacha wapi?"

"Mzee, waliuliza urefu wa mnara."

"Kwa karatasi hii, Kasto alikuwa hapa chini na sisi," akasema, akanirudishia.

Kasto hakupanda tena hata ngazi ya kuezekea nyumba.

Kwa hiyo nisikilize, na usinitolee macho. Taarifa ipelekwe kabla chuma hakijasimama. Andika urefu wa mnara, andika na kimo cha kilima, usubiri wakujibu. Taa iwake siku ileile mnara unaposimama. Hata winchi ya kunyanyulia chuma, ikikaa siku mbili tu, itaje. Bosi wako akikuharakisha, mwambie apande yeye.

Maliza chai uende, ofisi bado ziko wazi. Ukirudi hujaipeleka, shikamoo yako baki nayo, marahaba hutaisikia kwangu. Mungu akubariki, mwanangu, akuongezee kazi, na amrudishe chini salama kila utakayemtuma juu.