Midoli ya Kuazima

Nyumbani kwa Scolastica, Bukiriro, jina la Eustakia halitajwi. Mtu akisimulia jambo ambalo Eustakia alikuwamo, humruka, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani, na hadithi inaendelea ikichechemea. Eustakia ni mdogo wake Scolastica wa tumbo moja.

Eustakia alifundisha ukunga miaka kumi na mitatu katika chuo kidogo cha afya huko Biharamulo. Juu ya kufundisha alipewa kazi ya udhibiti ubora, eti kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza fomu: chuo kina nini, na wanaomaliza wanaweza kufanya nini. Alijaza, mkuu wa chuo akarekebisha, naye akasaini. Speciose, binti wa Scolastica, alisoma hapo hapo, mwaka wa tatu, akiishi kwa Eustakia.

Januari Eustakia alikwenda kuwatembelea wahitimu kazini. Katika zahanati moja upande wa Kanazi alimkuta Thobias, mwanafunzi wake wa zamani, ameketi kwenye benchi la nje, mikono juu ya magoti. Asubuhi ile mama mmoja alikuwa amejifungua vizuri, kisha akatokwa damu mpaka akafa, gari la wagonjwa likiwa bado njiani.

"Mwalimu," Thobias alisema, "maneno yote nilikuwa nayajua. Mikono ndiyo haikujua."

Katika kitabu cha vitendo cha Thobias, mahali pa kuzuia damu baada ya uzazi, palikuwa na saini ya Eustakia mara kumi, kwamba amelifanya. Thobias alitazama mara moja tu, nyuma ya wenzake thelathini, kwa kuwa chuo kilikuwa na mdoli mmoja wa kujifunzia, nao ulikuwa umepasuka tumbo.

Machi ikaja barua: wakaguzi wa ithibati, wanaoamua chuo kiendelee au kifungwe, wako njiani. Mkuu wa chuo, Pancras, akatuma gari kwa rafiki yake mwenye chuo kingine. Likarudi na midoli sita, hadubini nne na maboksi ya vitabu.

"Mwalimu, mbona umenuna?" Pancras alimtania mbele ya wapishi na walinzi. "Mgeni akija kwako huazimi viti kwa jirani? Nani hapa kwetu ameozesha binti kwa sufuria zake mwenyewe?"

Watu wakacheka. Kweli, hakuna.

"Mgeni wa harusi anakuja kula, mkuu. Hawa wanakuja kuhesabu sufuria."

"Basi wahesabu! Si zipo?"

Jioni Speciose alikuwa akimenya ndizi. "Mama mdogo, tumeagizwa tuseme midoli ni yetu." Akachukua ndizi nyingine. "Mimi nimebakiza miezi minne tu."

"Nimesikia, mwanangu."

Kesho yake mkaguzi, mama mpole wa miwani, alipapasa tumbo la mdoli mmoja, laini, halijawahi kubonyezwa na mtu. "Yote hii ni ya chuo?" Pancras akaitikia. Mkaguzi akamgeukia Eustakia. "Na wewe ndiye uliyesaini fomu?"

"Ndiyo. Mdoli wetu ni mmoja, uko stoo, umepasuka. Na saini zangu kwenye vitabu vya vitendo, nyingi ni za uongo."

Chuo kilifungwa kabla ya Pasaka. Wanafunzi walitawanywa vyuo vingine, lakini vitabu vyao vya vitendo havikuaminika tena. Wa mwaka wa tatu wakaambiwa waanze upya. Speciose alifunga begi, akarudi kwa mama yake.

Eustakia alimfuata Bukiriro. Scolastica alikuwa akichagua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, dada."

"Ukweli wako ungesubiri miezi minne," Scolastica alisema, macho kwenye ungo.

"Dada, kuna mama alikufa Kanazi."

"Huyo simjui. Huyu nimemzaa mimi."

Eustakia alisimama kungoja neno lingine. Zikasikika punje tu. Fomu zile zilikuwa na kurasa tisa za kueleza ubora ni nini, naye alizijua kwa moyo. Siku ile, akirudi barabarani, hakuna mstari uliomsaidia kutembea.

Speciose hakuanza upya. Aliolewa Oktoba, na Eustakia aliisikia harusi hiyo kwa mwanamke aliyekuja kupimwa mimba.

Sasa Eustakia ni muuguzi katika zahanati moja ya Nyamiaga. Hafundishi. Anaishi katika chumba cha kupanga, peke yake.