Breki katikati ya kona, kisa mama mkwe

Jamani, mimi Mungu kanipendelea. Miaka yote nafundisha watu kukimbiza magari kwenye njia yetu ya vumbi hapa Dutwa, na sijawahi kutoka nje ya njia hata mara moja.

Leo zamu ya Masanja, aliyeoa mdogo wa mke wangu. Jumamosi anashindana, akivurunda aibu ni yangu mwalimu.

Kaja na glavu za ngozi. Kwenye gari LANGU.

"Breki kabla ya kona. Ndani ya kona usiguse!"

"Shemeji, hayo nayajua."

Anajua nini!

Kona ya tatu kamwona mama mkwe wetu kasimama pembeni. Kakanyaga breki, kaachia usukani, kainamisha kichwa kumwamkia kwa Kisukuma:

"Mwangaluka mayu!"

Tukazunguka kama pia mpaka ndani ya shamba la pamba.

Nilimsema hadi koo likakauka. Mkwe anasalimiwa kwa spidi ile? Mshamba wewe!

Nikashika usukani nimwonyeshe.

Kona ileile. Mama bado yupo, ananitazama mimi sasa.

Semeni nyie, ningempita tu na vumbi?

Mama akatukuta tumerudi shambani: "Wanangu, mmekuja kulima?"

Ile bahati niliyojisifia pale juu ni uongo mtupu. Hiyo pamba naijua vizuri.