Chapati za Mchele Zilizonishinda

Mama yangu aling'olewa meno sita hapa Columbus, na kuanzia siku hiyo akakataa kula. Ugali ulimuumiza, uji ulimchosha. Siku ya tatu akaniambia, "Nipikie bile byakula bya mchele bya yule mama wa Louisville."

Nilijua anachosema. Tulipokuwa Louisville nilikuwa nafunga maboksi ghalani, na niliyesimama naye bega kwa bega alikuwa mama wa Kivietinamu. Kila Ijumaa alileta chapati nyembamba za mchele, laini mno, ndani zimejazwa nyama ya nguruwe ya kusaga na uyoga mweusi. Alinipa nyingine nimpelekee mama. Sasa amehamia Buffalo kwa binti yake, na miaka yote ile sikuwahi kumwuliza anazipikaje. Hilo ndilo lililoniuma kwanza.

Jumamosi asubuhi nikapanda basi la Morse Road hadi duka la Waasia. Nilirudi na unga wa mchele, nyama na uyoga. Nikakaanga nyama na uyoga, nikakoroga unga na maji, nikamimina upawa mmoja kwenye kikaango, nikafunika. Kufunua, nakuta gundi. Nikaongeza maji, ikawa gundi nyepesi. Nikaongeza moto, ikaungua chini na juu ikabaki mbichi. Ya tano ilinichoma kidole, nikautupa mwiko kwenye sinki.

Mama alikuwa amekaa jikoni, kitambaa kimemfunga taya, ananitazama.

"Bon, hii iko chakula ao gundi?"

"Mama, tafadhali."

"Mi nauliza tu."

Nikampigia yule mama simu ya video. Kiingereza chetu sote wawili ni cha ghalani, cha maneno mawili matatu. Akataka nimwonyeshe mfuko wa unga. Alipouona akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Kijani hapana! Kijani inanata! Nyekundu!"

Kumbe wenye maandishi ya kijani ni unga wa mchele wa kunata. Nilipaswa kuchukua wenye maandishi mekundu, kisha niuchanganye na wanga wa muhogo. Muhogo! Mimi niliyekuzwa na muhogo nilipita mbele ya rafu ile bila hata kugeuza shingo.

Basi la Morse Road tena. Foleni tena. Niliporudi nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, na yeye kutoka Buffalo akawa ananipigia kelele: "Nyembamba! Nyembamba zaidi!" Mbili za kwanza zilichanika. Ya tatu ikaiva vizuri kabisa, nikaipindua kwenye sinia ambalo nilikuwa nimesahau kulipaka mafuta. Ikaganda palepale. Nilipoivuta ikawa vipande. Machozi yakanitoka, ya hasira.

Mama akainuka, akaviokota vile vipande kwa vidole, akaweka nyama juu, akatafuna taratibu kwa upande mmoja.

"Yule wa Louisville anakupita."

"Najua, Mama."

"Leta ingine."

Alikula karibu sinia zima la matambara ya chapati. Kwenye simu mwenzangu alikuwa anacheka, mimi sikuweza. Siku nzima nilitoa chapati moja tu isiyo na tundu, na hiyo mama aliimeza kabla sijaipiga picha.